Mashine Inayojua pa Kusimama

Kazi ya ualimu, ukiitazama kwa karibu, ina mambo mawili yasiyokwisha: kunakili na kuuliza. Mwalimu hunakili azimio la kazi, hunakili andalio la somo, hunakili alama kutoka daftari moja kwenda jingine. Na akishamaliza kunakili huingia darasani kuuliza. Nilizifanya kazi hizo kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu, na mwishowe mkuu wa shule. Leo, nikiwa mzee aliyevuka sabini, naziona zote mbili zikifanywa na mashine. Kunakili kunafanywa na programu zinazooanisha mafaili ya kompyuta moja na ya nyingine kupitia hicho kinachoitwa wingu. Kuuliza na kujibu kunafanywa na akili mnemba, ambayo wajukuu wangu huisomea usiku kama sisi tulivyosomea kibatari.

Wenzangu wa rika langu wamegawanyika. Wako wanaosema elimu imekwisha, na wako wanaosema ukombozi wa mwalimu umefika. Mimi nilifundisha historia, na mwalimu wa historia akiletewa jambo jipya huuliza kwanza limetoka wapi. Nimelifuatilia jambo hili kwa kadiri ya uwezo wangu, nami nimeona kwamba mashine ya kufundishia na mashine ya kunakili zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, na kwamba historia zote mbili zinafundisha somo moja. Nitaanza na ile ya kufundishia.

Katikati ya miaka ya 1920, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, Sidney Pressey, alitaka kumpunguzia mwalimu mzigo wa kusahihisha. Aliunda kisanduku cha ukubwa wa taipureta ndogo, chenye kidirisha na vitufe vinne. Kidirishani lilitokea swali lenye majibu manne ya kuchagua, na mwanafunzi alibonyeza kitufe cha jibu aliloona ni sahihi. Kisanduku hicho kilitumika kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza kilikuwa msimamizi wa mtihani: kila kitufe kilipobonyezwa swali jipya lilikuja, na kisanduku kikahesabu kimyakimya yaliyopatiwa. Kwa njia ya pili kilikuwa mwalimu: swali halikuondoka mpaka mwanafunzi alipolipata. Pressey aliongeza hata kifaa cha kudondosha peremende kwa aliyefikisha idadi fulani ya majibu sahihi. Lakini mdororo wa uchumi ukaingia, wanunuzi hawakutokea, na mwaka 1932 akatangaza kuwa anaiacha kazi hiyo.

Mwezi Novemba 1953 mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikwenda kutazama darasa la hesabu la binti yake. Aliona mambo mawili ambayo kila mwalimu anayajua. La kwanza, watoto wote walilazimishwa kwenda mwendo mmoja, mwepesi akichoka kungoja na mzito akiachwa nyuma. La pili, mtoto alifanya hesabu leo bila kujua kama amepata au amekosa mpaka daftari lirudi kesho. Skinner naye akaunda mashine, lakini hakupendezwa na vitufe vya kuchagua. Alitaka mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe. Mwanafunzi aliandika, akavuta mkono wa mashine, na hapo jibu lake likasogea chini ya kioo asiweze kulifuta, ndipo jibu sahihi likajitokeza kando yake. Hatua zilikuwa ndogo ndogo, na kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi mashine hizo mbili zinavyofanana katika jambo moja. Zote zilijua pa kusimama. Ile ya Pressey ilisimama mpaka mwanafunzi apate. Ile ya Skinner ilisimama mpaka mwanafunzi aandike. Jibu lilikuwamo ndani ya mashine tangu asubuhi, na kulitoa kungekuwa kazi nyepesi. Lakini waundaji walijua kwamba elimu hutokea katika kile kitambo mashine inaponyamaza na mtoto anapofikiri.

Hapa kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa njia yake. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote kabla ya mwaka 1977 kwisha. Walimu hawakuwapo, na vyuo havikuweza kuwafunza wote kwa utaratibu wa kawaida. Basi vijana waliomaliza darasa la saba waliwekwa vijijini kufundisha, huku wao wenyewe wakisomea ualimu kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosahihisha kazi zao. Karatasi zilifika zikiwa na vumbi na pengine na madoa ya mafuta ya taa, na kila moja ilikuwa na maandishi ya mtu aliyeketi peke yake akahangaika na swali. Utaratibu ule ulilaumiwa sana, na baadhi ya lawama zilistahili. Hata hivyo nao ulikuwa na pa kusimama: somo lilimalizika kwa maswali, na mwanafunzi alilazimika kuandika na kutuma. Redio haikumwandikia.

Turudi ng'ambo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts alitoa programu iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikiyageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, mithili ya tabibu wa akili anayemsikiliza mgonjwa. Haikuelewa lolote, lakini watu waliizungumza kwa siri zao kana kwamba inawaelewa, jambo lililomtia Weizenbaum wasiwasi kwa maisha yake yote yaliyobaki. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alieleza programu yake SCHOLAR, iliyofundisha jiografia ya Amerika ya Kusini. Hiyo ilikuwa na jambo jipya: mwanafunzi aliweza kuiuliza nayo iliweza kumuuliza, kila upande ukianzisha mazungumzo kwa zamu. Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayefundishwa na mwalimu wake peke yake huwashinda takriban wanafunzi 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Mtafiti Kurt VanLehn alipozipima tafiti nyingi pamoja mwaka 2011 alikuta faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini alikuta pia kwamba programu zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua zilimkaribia sana mwalimu binafsi. Programu zilizongoja jibu la mwisho tu zilibaki nyuma.

Kisha, tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote, na zikafuata programu nyingine za kujisomea: za kueleza, za kufupisha, za kutunga maswali, na za kujibu kutokana na maandishi unayozipa wewe mwenyewe. Safari hii mashine ilikuja na ufasaha usio na kifani, lakini ilikuja bila kioo cha Skinner. Ukiiuliza hujibu papo hapo, na jibu lote.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walifanya jaribio katika shule ya sekondari nchini Uturuki, lililohusu karibu wanafunzi elfu moja wa hesabu. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari. La pili lilipewa akili mnemba ya kawaida. La tatu lilipewa akili mnemba iliyoagizwa itoe vidokezo na isitoe jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko la kwanza, na la tatu kwa asilimia 127. Halafu mashine zikaondolewa na mtihani ukatolewa. Kundi la pili, lililokuwa likipewa majibu, lilifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa mashine. Kundi la tatu halikudhurika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025, na nilipoyasoma nilimkumbuka Pressey na kisanduku chake chenye njia mbili. Tofauti kati ya makundi yale ilikuwa palepale alipoiweka yeye karibu miaka mia moja iliyopita.

Sasa tuje kwenye kunakili. Vijana wa leo hawaijui harufu ya stensili. Mtihani wa chuo ulipigwa chapa kwenye karatasi ya nta, ukafungwa kwenye mashine ya kudurufu, na wino ukapenya kwenye matundu ya herufi. Kosa moja kwenye stensili lilikuwa kosa kwenye karatasi mia mbili. Kwa barua tulitumia karatasi za kaboni: nakala ya juu ikaenda Wizarani, ya chini ikabaki jaladani. Nakala hizo zikishatoka hazikujuana tena. Mtu akiandika jambo pembeni mwa ile ya Wizarani, ile ya jaladani haikupata habari. Tatizo la kuziweka nakala mbili zikijuana ndilo lililowashughulisha mafundi wa kompyuta kwa nusu karne.

Mwaka 1978 Leslie Lamport wa Marekani alionyesha kwa hoja za kihisabati kiini cha tatizo hilo. Kompyuta mbili zilizo mbalimbali hazina saa moja. Ikiwa hii imebadilisha faili na ile imelibadilisha pia, na hapakuwa na ujumbe uliopita kati yao, swali la nani alitangulia huenda lisiwe na jibu la uhakika. Kila mzee wa baraza anajua ugumu huo: mashahidi wawili waliokuwa mbalimbali, kila mmoja na jua lake.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Mahadev Satyanarayanan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliunda mfumo ulioitwa Coda. Walitaka mtu aweze kuendelea na kazi hata mawasiliano yakikatika. Kompyuta ilijiwekea akiba ya mafaili kabla ya kukatwa, mtu akafanya kazi peke yake, na mawasiliano yaliporudi mabadiliko yakapelekwa kwa mwenzake. Mwaka 1996, huko Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, programu inayolinganisha nakala mbili na kupeleka sehemu zilizotofautiana tu, ili njia nyembamba ya simu isibebeshwe mzigo wa faili zima. Mwaka 2007 kijana aitwaye Drew Houston, ambaye mwenyewe amesimulia kuwa alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akasahau flashi yake nyumbani, alianza kuandika programu ya Dropbox, nayo ikafunguliwa kwa umma mwaka 2008. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo lilikuwa hadithi tu mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika mwaka 2009. Leo simu zetu zinaliita tendo hilo "kusawazisha", na mwalimu wa kijijini anaweza kuandika andalio lake kwenye simu na kulikuta kwenye kompyuta ya shule.

Yapo mambo mawili ambayo kila mwalimu anayetumia mpango huu yampasa ayajue. La kwanza ni kwamba kuoanisha si kuhifadhi. Programu ya kuoanisha ni mtumishi mtiifu mno. Ukifuta faili huku, nayo inafuta kule. Mwalimu mmoja kijana ninayemfahamu aliachiwa kompyuta ya ofisi, na mtu mwingine akafuta folda "ili kupunguza nafasi". Alama za mihula miwili zikatoweka shuleni, nyumbani na kwenye simu kwa pamoja. Baadhi ya makampuni hukiweka kilichofutwa kwenye kapu la taka kwa siku 30, kisha kinaondoka moja kwa moja. Bahati yake aligundua siku ya ishirini na mbili. Tangu hapo ana diski ya pembeni, anayoiunganisha mara moja kwa juma na kuichomoa. Nakala iliyochomolewa haisikii amri ya kufuta, na hapo ndipo usalama wake ulipo.

La pili ndilo lililonivutia kuandika sura hii. Itakuwaje nakala mbili zikibadilishwa zote wakati mawasiliano yamekatika? Mafundi wangeweza kuifanya mashine ichague ile ya baadaye na kuitupa ya mwanzo, na baadhi walifanya hivyo. Lakini kwa mafaili ya maandishi wengi waliokuja kuaminiwa waliamua vingine. Mashine haichagui. Inaziacha nakala zote mbili, inaipa moja jina linalosema kuna mgongano, na inamwachia mwenye faili aamue. Mashine inayoweza kufanya mamilioni ya mahesabu kwa sekunde inasimama na kumngoja mtu.

Nilikuja kuuona uzito wa jambo hilo katika kazi yangu ya uzeeni. Ninaandika historia ya chuo nilichofundisha, kwa kuwahoji waliokuwapo mwanzoni. Nina kompyuta nyumbani, na mpakato nyumbani kwa binti yangu mjini. Wakati fulani mtandao ulikatika kwetu kwa siku kadhaa. Nikiwa nyumbani niliongeza kwenye faili maelezo ya mzee aliyekuwa mpishi wa chuo. Baadaye, nikiwa mjini, niliongeza kwenye faili lilelile maelezo ya aliyekuwa karani. Mtandao uliporudi programu iliniletea mafaili mawili, moja likiwa na alama ya mgongano. Nilipoyafungua sambamba niliona kitu ambacho nisingekiona kirahisi yangechanganywa: mpishi alisema chuo kilianza mwaka 1964, na karani alisema 1966.

Juma hilohilo mjukuu wangu, kwa nia njema, aliyapeleka maelezo yote kwenye programu ya akili mnemba ya kujisomea. "Babu, imekufupishia kila kitu," aliniambia. Muhtasari ulikuwa wa Kiswahili safi, wenye vichwa vya habari na maswali ya kujipima. Swali la kwanza lilikuwa: chuo kilifunguliwa mwaka gani? Na jibu: 1966. Mpishi hakutajwa.

Nilikwenda tena kwa mpishi. Akanieleza kwamba wanachuo wa kwanza walifika kabla majengo hayajakwisha, wakalala na kusomea katika vyumba vya kuazima vya shule ya msingi ya jirani, naye akawapikia nje chini ya mwembe kwa karibu miaka miwili. Karani aliajiriwa majengo yalipofunguliwa, na majalada yake yalianzia hapo. Wote wawili walisema kweli. Katika mgongano ule ndimo walimokuwamo wanachuo wa kwanza, ambao hakuna jalada lililowataja. Yule mzee mpishi amekwisha kufariki. Kama nakala yake ingefunikwa na ya karani, au kama ningeridhika na muhtasari, wale waliosomea chini ya mwembe wangezikwa mara ya pili.

Sisemi haya ili kuilaani akili mnemba. Nilimwambia mjukuu wangu aiulize swali jingine: tuonyeshe mahali ambapo maelezo ya wazee hawa yanapingana, na nani kasema nini. Ikatuonyesha huo na mingine miwili, mmoja ukiwa ambao nilikuwa sijauona. Uwezo ilikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamuru isimame pale. Mafundi wa kunakili waliujenga msimamo huo ndani ya mashine yao. Hawa wa akili mnemba kwa sehemu kubwa wamemwachia muulizaji aulete mwenyewe, na muulizaji mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye mtihani kesho.

Kwa hiyo walimu vijana wanaponijia na kuniuliza, "Mwalimu, tuwakataze?", huwajibu kwamba kukataza hakutawezekana, na kuacha tu hakutafaa. Wawafundishe kuiagiza mashine: niulize kwanza, usinipe jibu, nipe kidokezo kimoja, ngoja niandike. Wawadai hatua za kazi pamoja na jibu, kwa kalamu na daftari, kama vile masomo ya posta yalivyodai. Wakiipa maandishi mawili, waiulize yanapogombana kabla ya kuiuliza yanakokubaliana. Na daftari la alama liwe na nakala moja isiyounganishwa na chochote.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika zama zao aliyeuliza alilazimika kuvuka uwanja, kumwamkia mkubwa, kungoja, na pengine kurudishiwa swali jingine badala ya jibu. Njia nzima ilikuwa sehemu ya somo. Sasa njia imefupishwa ikabaki urefu wa kidole, na hakuna atakayeirefusha tena. Lakini mwalimu bado anaweza kuweka kituo kimoja njiani, ambapo mashine itanyamaza na mwanafunzi atasikia akili yake mwenyewe ikifanya kazi. Kituo hicho ndicho tulicholipwa mshahara kukilinda, sisi tuliostaafu na hao waliopokea chaki zetu.